Kisiwa Kinachokeneka Bahari: Safari ya Mvua hadi Kiwanda cha Rum

Mvua na rum hutengenezwa kwa njia moja. Maji ya bahari hupata joto la jua, hupanda hewani yakiwa mvuke, hukutana na baridi ya milimani, na kushuka yakiwa matone. Kadhalika, maji ya sukari ya miwa yaliyochachuka hupashwa moto ndani ya mtambo, mvuke wake hupitishwa penye baridi, na matone yake hukusanywa yakaitwa rum. Kitendo hiki huitwa ukenekaji, yaani kukigeuza kimiminika kuwa mvuke kwa joto, kisha kuupoza mvuke huo hata uwe kimiminika tena.

Hata hivyo, mvua na rum hazifanani kwa usafi. Tone la mvua huiacha chumvi baharini. Hakuna aliyepata kukinga mvua akaiona ina ladha ya bahari. Lakini tone la mtambo wa pombe halitoki peke yake. Hufuatana na vitu vingine, na baadhi ya vitu hivyo huweza kuwa sumu kali. Kwa nini ukenekaji mmoja usafishe barabara na mwingine usisafishe? Swali hili si la mtihani tu. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki mamia ya watu wamekufa au wamepofuka baada ya kuamini kwamba kila kilichopikwa kikadondoka ni salama.

Mahali panapofaa sana kwa kulichunguza jambo hili ni kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi, kiasi cha kilomita 700 mashariki ya Madagascar. Huko mvua na mtambo hukaa karibu, na msafiri huweza kuviona vyote viwili katika safari ya gari isiyofika kilomita 60. Tufuatane basi, msomaji, katika safari hiyo.

Kutoka kwenye ukavu kwenda kwenye mvua

Réunion ni kisiwa kidogo. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,512 tu, karibu sawa na Unguja na Pemba zikiunganishwa. Lakini tofauti na visiwa vyetu, Réunion ni mlima wa volkano uliochomoza kutoka sakafu ya bahari. Kilele chake kikubwa, Piton des Neiges, kina urefu wa mita 3,070. Tangu mwaka 1946 kisiwa hiki ni mkoa wa Ufaransa.

Tuseme safari yetu ni ya mwezi wa Agosti, na tumeanzia mji wa Saint-Paul katika pwani ya magharibi. Jua ni kali, mbingu ni ya samawati, na majani ya kando ya barabara yamekauka. Sehemu fulani za pwani hii hazipati hata milimita 600 za mvua kwa mwaka. Miwa iliyopo hapa hunyweshwa kwa mabomba, na maji yake mengi hutoka upande wa pili wa kisiwa, yakipita katika mahandaki marefu yaliyochimbwa ndani ya milima.

Tukiupita mji wa La Possession tukielekea Saint-Denis, barabara inabanwa kati ya bahari na jabali refu la mawe meusi. Barabara ya chini ya jabali hilo ilifunguliwa mwaka 1963 na kupanuliwa mwaka 1976. Mvua iliponyesha, mawe yaliporomoka. Maji hujipenyeza katika nyufa za mwamba, huusukuma kwa uzito wake, na hulainisha udongo unaoyashika mawe. Mwezi Machi 2006 maporomoko makubwa yaliua watu katika barabara hiyo. Kwa sababu hiyo wahandisi walijenga daraja refu la kilomita 5.4 baharini, mbali na jabali, nalo likafunguliwa mwezi Agosti 2022. Msafiri anayepita juu yake huliona jabali kwa mbali bila kuliogopa.

Baada ya Saint-Denis barabara inaelekea mashariki, ikipita Sainte-Marie na Sainte-Suzanne. Hapa ndipo mambo yanapobadilika. Mawingu yameshuka hadi nusu ya mlima. Matone machache yanaanza kugonga kioo cha gari, kisha dereva analazimika kuwasha vifutio. Pande zote mbili miwa ni ya kijani kibichi, mirefu kuliko mtu, na hakuna bomba hata moja la kuinywesha. Mwezi ni ule ule wa Agosti, ambao katika kisiwa hiki huhesabiwa kuwa wa kiangazi, lakini mvua inanyesha. Tumesafiri saa moja na zaidi kidogo, nasi tumetoka katika nchi moja tukaingia katika nyingine.

Mlima kama mtambo

Sababu ya tofauti hiyo ni upepo na mlima. Karibu mwaka mzima pepo za kusini-mashariki huvuma juu ya Bahari ya Hindi, na mwezi wa Agosti huwa na nguvu zaidi. Hizi ni ndugu wa kusi, upepo unaojulikana sana na mabaharia wa pwani yetu. Zikipita juu ya maji yenye joto, huchukua mvuke mwingi. Zikifika Réunion hazina njia ila kupanda juu ya mlima.

Hewa inapopanda, hupanuka kwa kuwa shinikizo la juu ni dogo. Na inapopanuka, hupoa. Hewa kavu hupoteza takriban nyuzi 1 ya Sentigredi kwa kila mita 100 za kupanda. Hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke wote iliokuwa nao chini. Mvuke wa ziada hugeuka matone, matone huwa wingu, na wingu huwa mvua. Upepo ukiisha kuvuka kilele, hushuka upande wa magharibi ukiwa umeacha maji yake nyuma. Na unaposhuka hubanwa na kupata joto, hata ukakausha nchi badala ya kuinywesha. Hivyo ndivyo milima ya juu ya Sainte-Rose, upande wa mashariki, inavyopata zaidi ya milimita 10,000 za mvua kwa mwaka, na Saint-Paul inavyobaki na kiu.

Katika msimu wa vimbunga, kuanzia mwezi wa Desemba hadi Aprili, mtambo huu wa asili hufanya kazi ya kutisha. Tarehe 7 na 8 Januari 1966, mahali paitwapo Foc-Foc, palinyesha milimita 1,825 katika saa 24. Hiyo ni rekodi ya dunia iliyotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka mzima. Mwezi Februari 2007 kimbunga kilichoitwa Gamede kilimwaga milimita 3,930 katika saa 72 kwenye kreta ya Commerson. Mafuriko yake yalilibomoa daraja la mto Saint-Étienne, kusini-magharibi ya kisiwa.

Sasa tuangalie jambo moja muhimu. Kila kilo ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Kwa nini mamilioni ya tani za maji yaliyomwagika siku zile yalikuwa matamu? Ni kwa sababu chumvi ya kawaida haigeuki mvuke mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 1,400. Jua linaloyainua maji haliwezi kuiinua chumvi. Katika jozi hii, mmoja huruka kwa urahisi na mwingine haruki kabisa. Kwa hiyo utengano wao huwa karibu kamili. Msomaji ashike jambo hili, kwa kuwa tutalirudia tukiwa kiwandani.

Kwa nini miwa?

Mvua ndiyo iliyokifanya kisiwa hiki kuwa nchi ya miwa. Zamani kiliitwa Bourbon, na mazao yake makuu yalikuwa kahawa na viungo. Miaka ya 1806 na 1807 tufani na mafuriko ziliiharibu mikahawa na mikarafuu. Muwa, ambao ni jamii ya nyasi, huinama mbele ya upepo na kuchipua tena shinani. Kisha Ufaransa ikaipoteza Mauritius mikononi mwa Waingereza, ikahitaji mahali pengine pa kupatia sukari. Tangu hapo mashamba ya miwa yakaenea Bourbon nzima.

Yafaa ikumbukwe ni mikono ya nani iliyoyalima mashamba ya kisiwa hiki. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alipatana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Wengi wengine walichukuliwa kutoka Msumbiji na Madagascar. Utumwa ulikomeshwa kisiwani tarehe 20 Desemba 1848, na siku hiyo huadhimishwa hadi leo. Baadhi ya watu ambao msafiri huwaona wakikata miwa kando ya barabara ni wa vizazi vya watu waliotoka katika pwani yetu.

Ndani ya kiwanda

Karibu na mji wa Saint-André tunaiacha barabara kuu na kuingia Bois-Rouge. Malori yaliyosheheni miwa yamepanga foleni, matairi yakiwa yametapakaa tope, kwa kuwa uvunaji huanza karibu na Julai na kumalizika Desemba. Zamani kisiwa kilikuwa na viwanda vya sukari zaidi ya mia; leo vimebaki viwili, hiki cha Bois-Rouge na kile cha Le Gol. Bois-Rouge ni mahali pa kufundishia, kwa sababu vitu vitatu vimejengwa pamoja: kiwanda cha sukari, kituo cha umeme na kiwanda cha rum cha Savanna, kilichohamishiwa hapa mwaka 1992.

Muwa husagwa na kukamuliwa. Tani moja ya miwa hutoa zaidi ya kilo 100 za sukari, kiasi cha kilo 300 za makapi yenye unyevu, na kilo 30 hadi 40 za molasi, ule uji mweusi mzito unaobaki baada ya sukari kuganda na kuondolewa. Karibu nusu ya uzito wa molasi bado ni sukari, lakini ni sukari isiyokubali tena kuganda. Rum nyingi ya dunia hutengenezwa kwa molasi hii. Aina nyingine hutengenezwa kwa maji mabichi ya miwa.

Molasi huchanganywa na maji ili kuipunguza ukali, kisha hutiwa hamira. Hamira ni kiumbe hai chenye seli moja. Louis Pasteur alionyesha katika miaka ya 1850 kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai. Na mwaka 1897 Eduard Buchner alithibitisha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka katika hamira iliyosagwa huweza kuchachusha sukari hata kama hamna seli hai. Vitu vifanyavyo kazi hiyo ni vimeng'enya. Kwanza huigawa sukari ya miwa kuwa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi. Kisha huzivunja hizo kuwa ethanoli, ambayo ndiyo kileo, na gesi ya kaboni dioksaidi. Kwa hesabu, gramu 180 za glukosi zingetoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za gesi. Ndiyo maana mapipa hutoa povu kana kwamba yanachemka, ingawa hayakutiwa moto.

Baada ya siku moja au mbili povu hutulia. Kwa aina fulani ya rum yenye harufu nzito mafundi huacha mchanganyiko uchachuke kwa siku nyingi zaidi, ili bakteria nao wafanye kazi yao. Asidi zinazotokana na bakteria huungana na kileo na kufanya esta, kemikali zenye harufu ya matunda kama nanasi na ndizi. Sasa tunacho kimiminika ambacho kileo chake hakizidi sana asilimia 10. Sehemu yake kubwa bado ni maji. Hapo ndipo mtambo wa kukeneka unapohitajika.

Ngazi ya mvuke

Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na ethanoli kwenye nyuzi 78. Mtu angeweza kufikiri kwamba ukipasha mchanganyiko hadi nyuzi 78 ethanoli yote itaondoka na maji yote yatabaki. Sivyo. Maji hayangoji nyuzi 100 ili kuruka. Nguo iliyoanikwa hukauka bila kuchemka. Kwa hiyo mvuke unaotoka katika mchanganyiko huwa na ethanoli na maji pamoja, isipokuwa ethanoli huwa na sehemu kubwa zaidi kuliko ilivyokuwa nayo chini. Utengano ni wa kiasi tu.

Dawa yake ni kurudia. Mtambo wa kisasa ni mnara mrefu wenye sahani nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mvuke hupanda kupitia matundu ya sahani, na kimiminika hushuka. Katika kila sahani mvuke hupoa kidogo na kuchemka tena, na kila mara ethanoli huongezeka. Ni kama mpishi anayechekecha unga kwa chekecheo nyingi mfululizo. Lakini hata mnara mrefu namna gani una mpaka wake: ethanoli ikifika asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke na kimiminika huwa na uwiano ule ule, na kuchemsha zaidi hakuleti faida.

Sehemu za mitambo ya rum mara nyingi hutengenezwa kwa shaba nyekundu. Shaba hupitisha joto vizuri, na pia huzishika kemikali za salfa zinazonuka. Rum inapotoka haina rangi, kama maji. Rangi ya kahawia huipata baadaye kutoka katika mbao za mwaloni za mapipa.

Fundi hapokei tone la kwanza mpaka la mwisho. Vitu vyepesi hutangulia kwa wingi, na harufu yake huchoma pua. Vitu vizito hufuata mwishoni. Yeye huchukua sehemu ya katikati, naye hupima: kwa kipimakileo, kwa kipimajoto, na katika maabara kwa mashine zinazotenga kemikali moja moja. Hilo ndilo jambo kubwa la kujifunza hapa. Moto haujui kuchagua. Ni kipimo kinachochagua.

Sumu isiyoonekana

Sasa tulirudie swali letu. Chumvi na maji hutengana kwa sababu tofauti yao ya kuruka ni kubwa mno. Lakini ipo kileo nyingine iitwayo methanoli, ambayo huchemka kwenye nyuzi 65, si mbali na ethanoli. Zaidi ya hayo methanoli hushikamana na maji kwa nguvu, hata isitoke yote mwanzoni kama watu wengi wanavyodhani. Huendelea kutoka kidogo kidogo tangu mwanzo hadi mwisho. Mpishi wa pombe anayemwaga matone ya kwanza akajiona ameondoa sumu yote amejidanganya.

Methanoli hutoka wapi? Miwa na molasi zina pektini kidogo sana, na pektini ndiyo inayozaa methanoli wakati wa kuchachua. Kwa hiyo rum iliyochachushwa vizuri huwa na methanoli chache mno. Maafa makubwa husababishwa na methanoli ya viwandani, itumikayo kuyeyushia rangi na kutengenezea kemikali, ambayo watu wenye tamaa huiongeza katika pombe kwa kuwa ni rahisi kwa bei. Mwezi Novemba 2000 jijini Nairobi pombe ya namna hiyo iliua zaidi ya watu 100, na wengine wakapofuka. Mwaka 2010 wilayani Kabale nchini Uganda walikufa makumi. Mwaka 2014 makumi wengine walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya. Na mwezi Februari 2024 msiba ulirudi katika kaunti ya Kirinyaga.

Methanoli yenyewe hulevya kama ethanoli. Hatari huanza ini linapoishughulikia. Huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, asidi ile ile inayopatikana katika sumu ya baadhi ya sisimizi. Asidi hii huzuia seli zisitumie oksijeni, na mshipa wa fahamu wa jicho huumia mapema. Dalili huweza kuchelewa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, kupumua kwa haraka, na kuona kana kwamba mbele kuna ukungu mweupe. Mtu mwenye dalili hizo apelekwe hospitali bila kungoja. Madaktari wana dawa za kulizuia ini lisiigeuze methanoli, lakini dawa hizo hufaa zaidi zikiwahi.

Wapo wanaosema pombe ikiwaka moto wa samawati ni salama. Huo ni uzushi wa hatari. Ethanoli na methanoli zote huwaka kwa moto wa samawati, zote hazina rangi, na harufu zake zinakaribiana. Jicho, pua na kiberiti haviwezi kuzitofautisha. Ni maabara tu.

Sumu huweza kuingia pia kwa njia ya chombo. Katika karne ya 18 wanywaji wa rum ya visiwa vya Karibi na makoloni ya Amerika ya Kaskazini waliugua tumbo la kusokota na kupooza mikono. Mwaka 1723 koloni la Massachusetts lilipiga marufuku vichwa na mabomba ya risasi katika mitambo ya kukeneka. Mwaka 1788 John Hunter, daktari wa jeshi aliyekuwa ametumika Jamaica, aliandika kwamba ugonjwa wa askari wake ulitokana na risasi iliyokuwa katika rum. Risasi hairuki kwenye moto wa mtambo, kama vile chumvi isivyoruka kwa jua. Lakini mvuke uliopoa ndani ya bomba la risasi huiyeyusha na kuichukua. Anayetumia radieta kuukuu ya gari, iliyoungwa kwa lehemu ya risasi, kupozea gongo au chang'aa analirudia kosa lile lile.

Kinachobaki chini

Kabla ya kuondoka Bois-Rouge tuulize kuni za kazi hii yote hutoka wapi. Kugeuza kilo moja ya maji ya moto kuwa mvuke huhitaji takriban kilojuli 2,260, karibu mara saba ya joto la kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 20 hadi 100. Baharini gharama hiyo hulipwa na jua. Kiwandani hulipwa kwa makapi ya miwa. Tangu mwaka 1992 kituo cha umeme cha Bois-Rouge huchoma makapi hayo, hupeleka mvuke kiwandani na umeme kwa wananchi. Viwanda vyetu vya sukari, kama vile TPC ya Moshi na Kilombero, navyo huchoma makapi kwa ajili ya nishati yao.

Chini ya mtambo hubaki maji ya kahawia yenye moto. Kwa kila lita ya kileo halisi hubaki lita 10 au zaidi za maji hayo. Yakimwagwa mtoni, vijidudu huyala na kuitumia oksijeni yote ya maji, na samaki hufa kwa kukosa pumzi. Yakitiwa katika matangi yasiyo na hewa, bakteria huyageuza kuwa gesi ya kuchomea. Na yakipimwa vizuri huweza kurudishwa shambani, kwa kuwa yana potasiamu nyingi ambayo muwa huihitaji. Kwa nchi yenye mvua nyingi kama hii, ambako kila kilichomwagwa juu hushuka baharini upesi, jambo hili si dogo.

Jaribio la darasani

Kukeneka pombe si jaribio la shule: mvuke wake hushika moto upesi, na sheria hairuhusu. Lakini fundisho la safari hii laweza kuonyeshwa kwa sufuria, chini ya usimamizi wa mwalimu.

Kwanza, weka jiwe safi katikati ya sufuria, na juu yake kikombe kitupu. Mimina maji ya chumvi kuzunguka jiwe, yasifike ukingo wa kikombe. Funika kwa mfuniko uliogeuzwa, kishikio kikielekea chini, na juu yake mwaga maji baridi. Chemsha kwa moto mdogo, na usiache sufuria ikauke. Matone yatadondoka ndani ya kikombe. Yapime kwa nitrati ya fedha: hayatafanya weupe unaoonyesha chumvi, au yatafanya kidogo sana. Hiyo ndiyo mvua ya Réunion.

Pili, osha vyombo, na badala ya chumvi tumia sehemu moja ya siki na sehemu mbili za maji. Fungua madirisha. Asidi ya siki huchemka kwenye nyuzi 118, juu ya maji. Waulize wanafunzi watabiri: je, matone yatakuwa maji matupu? Kisha tumbukiza karatasi ya litmasi ya samawati ndani ya kikombe. Itageuka nyekundu.

Wanafunzi na waandike kwa maneno yao kwa nini chumvi ilibaki na siki ikapanda. Halafu mwalimu awaulize swali la tatu, ambalo halihitaji sufuria: kama siki imeweza kuyafuata maji yanayochemka kabla yake, ni nini kitakachoizuia methanoli isiifuate ethanoli?